Niliandika tasnifu ya onazi kuhusu mwani wa kwetu: uzi kwa anayeufikiria utafiti wake wa kwanza

mwana_wa_bamvua (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na habari za muda huu wanajamvi.

Kila ikifika miezi hii naona vijana wanaosoma nje wakiuliza humu: niandike tasnifu ya onazi (honours), au niachane nayo nichukue masomo mepesi nimalize zangu? Mimi niliandika. Nilisoma sayansi ya mazingira katika chuo kidogo cha Marekani, nikarudi nyumbani Unguja kufanya utafiti kwa wakulima wa mwani pwani ya mashariki. Tangu nihitimu nimekuwa na hamu ya kulieleza hili kwa Kiswahili, maana mwaka mzima nililieleza kwa Kiingereza kwa watu ambao hawajawahi kuona shamba la mwani. Ni refu, mtaniwia radhi.

Kwanza neno lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotezana. Kwetu Tanzania mtu akisema onazi anafikiria GPA. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiwa na 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, basi, imeandikwa kwenye cheti. Na usiichanganye na shahada ya heshima, ile wanayotunukiwa viongozi na majoho yao. Australia onazi mara nyingi ni mwaka mzima wa nne unaoongezwa juu ya shahada. Marekani, katika vyuo vingi, ni hiari: una alama za kutosha, unatafuta mwalimu akubali kukusimamia, unaandika pendekezo, unafanya utafiti wako kwa semesta mbili, kisha unautetea mbele ya kamati. Vipo vyuo ambavyo hakuna hiari. Reed, kule Oregon, hakuna anayehitimu bila tasnifu, na Princeton ni karibu kila mwanafunzi. Swarthmore wanaleta watahini kutoka nje ya chuo kuwahoji wanafunzi wa onazi, na utaratibu huo wameushika tangu miaka ya 1920.

Kwa hiyo ukipewa fursa hii, ujue unachopewa: mwaka mmoja wa kuuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyekuandalia jibu lake. Nikianza kusoma sikulielewa hilo. Nilidhani ni insha ndefu.

Naendelea chini.

mwana_wa_bamvua

Nilikua namwona bibi yangu akirudi pwani na gunia la mwani kichwani, maji yanamtiririka mgongoni. Kilimo hiki kwa biashara kilianza kwetu 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo watu waliokota mwani wa asili tu ukauzwa nje. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye udaktari wake aliusomea Hawaii, ndiye aliyepigania tangu miaka ya 1970 kwamba mwani unaweza kulimwa. Walioushika wakawa wanawake, na mpaka leo wao ndio wengi mashambani.

Wanalima aina mbili. Kotonii ndiyo yenye bei, na spinosamu bei yake ni ya chini. Tatizo ni kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa. Inageuka nyeupe, inalegea, inakatika na kwenda na maji. Spinosamu inavumilia zaidi, ndiyo maana imebaki. Ukizungumza na wataalamu watakwambia joto la maji limo katika sababu kubwa.

Basi swali langu la kwanza lilikuwa hili: je, joto la maji katika mashamba ya kina kifupi ndilo linaloua kotonii katika kijiji fulani? Nikaliona zuri sana. Msimamizi wangu akaliona zuri, kamati ya fedha za majira ya joto ikanipa nauli na pesa ya vipimajoto sita, vile vidogo vya plastiki vinavyojiandikia vipimo vyenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Mwezi wa sita nikapanda ndege.

Siku ya tatu nimekaa ufukweni na akina mama wanafunga mbegu kwenye kamba. Mama mmoja, mtu mzima, nikamweleza utafiti wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake havisimami: anashika kipande cha mwani, anakizungushia tai-tai, ile kamba ndogo ya kufungia, fundo, kingine. Akauliza, "Umesema unatafuta joto?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

"Mbona umekuja kusi, mwanangu?"

Naomba kila anayesoma nje asimame hapo kidogo. Likizo ndefu ya Marekani ni mwezi wa sita hadi wa nane. Kwetu hiyo ni kusi kamili, maji yamepoa kuliko wakati wowote wa mwaka. Joto linapanda kaskazi, Desemba mpaka Machi, na huko ndiko mwani unakofia. Nilizaliwa pale. Najua kusi na kaskazi kama ninavyojua jina langu. Lakini pendekezo nililiandika nikiwa mezani Marekani, kalenda ya chuo ukutani, na hakuna hata mmoja kati ya waliolipitisha ambaye angeweza kuligundua. Aliyeligundua ni mkulima.

kijana_wa_Mlimani

Dada, hapo kwenye kusi nimesisimka. Weka kiti, nasubiri muendelezo. Swali moja: ulirudi kumwambia msimamizi au ulinyamaza?

mwana_wa_bamvua

Nilimwandikia usiku uleule. Sikulala vizuri, nilihisi nimekula pesa za watu bure. Akajibu kwa mistari michache: usibadilishe takwimu zifuate swali, badilisha swali lifuate unachoweza kukiona. Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari.

Halafu kulikuwa na hesabu nyingine niliyokuwa nimeikosa. Mashamba yanafanyiwa kazi bamvua, maji yakiwa yametoka mbali. Maji mafu hakuna anayeshuka kwa kazi ya maana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Nilikuwa na wiki nane. Wiki nane kwenye pendekezo zilionekana nyingi, lakini kwa mkulima wa mwani ni bamvua nne tu, na kila moja ni siku chache, na kila siku ni saa chache kuanzia kama saa nne asubuhi. Ukienda kumhoji mama saa hizo unamwibia kazi yake. Nikajifunza kushuka nao, kufunga nao, na kuhoji alasiri wakati mwani umekwisha kuanikwa.

Vipimajoto sikuviacha. Nilivifunga kwenye vigingi, juu, ili iwe rahisi kuviona. Bamvua la pili mama yuleyule akapita, akakigusa kimoja akasema, "Hiki kinapima jua." Nikashusha vipimo kwenye kompyuta jioni ile. Kweli: siku za maji mafu mstari umetulia, siku za bamvua unaruka juu kuanzia saa nne, unashuka maji yakirudi. Kipimajoto kilikuwa kimekaa hewani kinaota jua, nami ningeandika kwamba ni joto la bahari. Tukavifunga upya chini, karibu na mchanga, kwenye kivuli cha mwani wenyewe.

mhadhiri_mstaafu

Binti yangu, hongera. Nimesimamia tasnifu za shahada ya kwanza miaka mingi hapa nchini, na nataka vijana walioko vyuo vya ndani wasiseme hili ni la Marekani peke yake. Kozi nyingi kwetu zina utafiti wa mwaka wa mwisho. Kinachokosekana ni swali. Mwanafunzi anaingia maktaba, anachukua tasnifu ya mwenzake wa miaka mitano nyuma, "Athari za kitu fulani: uchunguzi kifani wa wilaya fulani", anabadilisha wilaya. Hojaji ileile, sura zilezile tano, hitimisho lilelile kwamba serikali iongeze elimu kwa wananchi. Huyo hakwenda kuuliza chochote. Alikwenda kujaza.

Na wasimamizi tuna sehemu yetu. Mtu mmoja anapewa wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwasoma, matokeo yake anasoma mukhtasari na marejeo tu. Kijana ukiona hivyo, usikae kusubiri. Mpelekee kurasa tatu, si thelathini. Kurasa tatu atazisoma.

Napenda kujua, swali la mwisho lilikuwaje?

mwana_wa_bamvua

Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa kuja kwenye uzi huu.

Swali la mwisho lilikuwa dogo mno, hata nilidhani kamati itanikatalia: wakulima wa kijiji kimoja wanajuaje kwamba mwani umeanza kuharibika, na wakishajua wanafanya nini? Basi. Wakulima 12, kijiji kimoja, misimu miwili.

Lakini lilipokuwa dogo ndipo lilipofunguka. Mwani wenyewe unahitaji kama wiki sita ukomae vizuri. Nikawa nakuta mama anavuna wa wiki tatu, wa wiki nne. Mwanzo niliandika kwenye daftari kwamba wanavuna mapema kwa shida ya pesa, kama nilivyosoma mahali. Nilipouliza wakanieleza vingine. Mmoja anashika shina, akiliona linateleza mkononi kuliko kawaida anajua siku si nyingi. Mwingine anatazama rangi ya ncha. Mwingine anasema akiingia maji ya goti na kusikia yamekuwa "kama ya kuogea" siku mbili mfululizo, anavuna hata kama hajafikia. Kuvuna mapema kwao ni kuokoa. Pesa ya haraka ipo, lakini si hadithi yote. Na wengine wanajua kabisa kwamba maji ya kina kirefu ni poa zaidi na kotonii ingekaa, ila hawajui kuogelea, na chombo cha kuwafikisha hawana.

Hayo hayakuwa kwenye pendekezo langu hata mstari mmoja.

Desemba idara ilinisaidia nauli nikarudi wiki tatu, kaskazi imeshaanza. Vipimajoto nilikuwa nimeviacha majini mikononi mwa yule mama, naye alikuwa akivikagua kila bamvua. Kwa hiyo nilikuwa na mfululizo wa vipimo kutoka kusi mpaka kaskazi, na pembeni yake nilikuwa na daftari la wakulima wangapi walivuna lini na kwa dalili gani. Nilipoviweka pamoja mezani niliona kitu changu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Siwezi kueleza raha ile.

nyota_ya_Kisumu

Asante sana dada kwa kushare safari yako. Mimi niko mwaka wa tatu, chuo cha Canada, nataka kufanya utafiti nyumbani Nyanza kuhusu wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani. Nina maswali mawili. Vibali ulipataje? Na ile kamati ya maadili ya chuo, nimeambiwa inaweza kuchukua miezi. Naogopa itanimalizia muda.

mwana_wa_bamvua

Karibu jirani. Hili lina uzito, nisilipitie juujuu.

Vibali ni viwili tofauti, na kimoja hakikutoshi. Kuna idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, na kuna kibali cha nchi unayokwenda. Kwako Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania bara ni COSTECH, tume kama hiyo. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali, na ukifika kijijini unaanza kwa sheha, kiongozi wa eneo, kabla hujauliza mtu hata jina. Pasipoti yako ya nyumbani haikuondolei hayo. Anza miezi minne kabla, uandike tarehe zote mahali pamoja.

Kamati ya maadili usiichukie. Isome historia yake. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972 serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida, huku wakiambiwa wanatunzwa. Lilipofichuka ndipo ikapitishwa sheria ya 1974, na kamati hizi zikapata nguvu. Nilipoyasoma hayo maktaba, fomu zikaacha kuwa fomu. Mtu anayekupa maneno yake anakuamini, na hao waliamini, wengine wakafa.

Sasa jambo la kwetu ambalo kamati haitalijua usipowaambia. Fomu ya ridhaa inataka sahihi. Mama wa kwanza niliyempa karatasi alirudi nyuma, akauliza, "Huu mkopo?" Karatasi ya kutia sahihi kwao ni deni la kikundi, ni mtu anakuja kuchukua cherehani. Nikarudi kwa kamati kuomba ridhaa ya mdomo: naisoma kwa Kiswahili, anauliza anachotaka, anakubali au anakataa, naandika tarehe. Kanuni zao zinaruhusu, ila lazima ueleze sababu. Ilichukua wiki mbili na barua mbili. Watu wawili walikataa kuhojiwa na niliwashukuru vilevile.

Wauza omena nao wana saa zao, dada. Kabla hujaandika hata tarehe ya ndege, piga simu kwa mmoja umuulize lini anakuwa na nafasi.

mtazamaji77

Niseme ukweli wangu bila kumkwaza mtu. Mwaka mzima, kurasa kama themanini, kwa ajili ya maneno mawili ya Kilatini, "cum laude", kwenye cheti. Mwajiri hapa Dar hatayasoma. Mtoto wa maskini si bora atafute mafunzo kazini hizo likizo zote?

mwana_wa_bamvua

Ndugu, hoja yako ni ya haki na sitaipuuza. Kama nyumbani wanakutegemea utume pesa likizo ile, tuma pesa. Hilo halina mjadala, na asikudharau mtu. Mimi nilipewa posho ya utafiti, ndogo, lakini ilinitosha. Bila posho nisingefanya. Ndiyo maana nasema ulizia fedha kabla ya swali. Vyuo vingi vya Marekani vina fungu la wanafunzi wa shahada ya kwanza na mara nyingi halitangazwi vizuri.

Ila kwamba ni maneno mawili ya Kilatini, hapana. Mwenyewe nilikwenda kwenye usaili wa kazi, wakaniuliza: tueleze mara moja uliyokosea na ulifanyaje. Nikawaeleza kipimajoto kilichopima jua.

kijana_wa_Mlimani

Na uandishi? Maana mimi takwimu ninazo, kila nikifungua kompyuta nakimbia.

mwana_wa_bamvua

Nitakwambia nilichopitia. Rasimu yangu ya kwanza nzima nilificha makosa. Sura ya mbinu iliandikwa kana kwamba tangu mwanzo nilijua kusi na kaskazi, nilijua kufunga vipimajoto chini, nilijua yote. Msimamizi akairudisha, pembeni ameandika kwa penseli: mama aliyekwambia kinapima jua yuko wapi humu?

Nilikaa na swali lile siku nzima. Nilikuwa nimemfuta. Maarifa yake nimeyachukua nikayaandika kama yangu, kwa sababu nilidhani utafiti wa kujitegemea maana yake ni mimi peke yangu. Nikaiandika upya sura ile kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea, yeye yumo, bila jina kama tulivyokubaliana, lakini yumo. Ndiyo sura ambayo kamati iliisifu.

Kuhusu kukimbia: usianze na utangulizi. Anza na siku moja unayoikumbuka vizuri. Mimi nilianza na siku ya tai-tai. Na kama umehoji kwa Kiswahili, weka maneno ya asili kwenye kiambatisho, yote, usiache tafsiri peke yake. "Kama ya kuogea" kwa Kiingereza nililitafsiri mara nne na bado halikukaa.

Utetezi ulikuwa mwezi wa nne, walimu watatu, kama saa moja na nusu. Mmoja alinibana: wiki tatu za kaskazi zinatosha kusema nini? Nikajibu zinatosha kusema kuhusu wakulima hawa katika kaskazi hii, na zaidi ya hapo sina. Alitikisa kichwa akaandika kitu. Nilipata daraja la juu la onazi, alhamdulillah, lakini hata lisingekuja nisingejuta.

mhadhiri_mstaafu

Jibu hilo la wiki tatu wangapi wangeweza kulitoa bila kutetereka. Je, wakulima waliyapata matokeo?

mwana_wa_bamvua

Ndiyo mwalimu. Niliandika kurasa nne za Kiswahili, nikazichapa kwa herufi kubwa, na binti wa mmoja wao akazisoma kwa sauti chini ya mkungu wakati wenzake wanachambua mwani. Walinisahihisha sehemu mbili. Moja ilikuwa jina la upepo, nyingine nilisema wakulima wote wanatazama rangi ya ncha, wakasema si wote, kuna wasioona vizuri siku hizi, wao wanashika tu. Nikazirekebisha, na nakala mpya ipo kwa sheha.

Vipimajoto vinne nilirudisha chuoni. Viwili chuo kiliniruhusu nivibakishe. Kimoja kiko kwenye shamba la yule mama mpaka leo, kimefungwa chini kwa tai-tai ya rangi ya bluu, na kingine kakihamishia shamba la mkwewe, kwenye maji ya kina zaidi, kwa sababu anataka kujua tofauti. Hilo ni swali lake, mimi sikumwambia. Jana kanitumia ujumbe wa sauti: bamvua la wiki ijayo wanavitoa, niwe tayari na kompyuta.